Musidora: Safari ya Kutoka Ndani ya Vazi Jeusi

Novemba 1915, Paris ilikuwa mji wa wanawake, wazee na majeruhi. Vijana walikuwa mahandakini. Wajerumani walikuwa wamejichimbia umbali wa kilomita 100 hivi kutoka mjini, na usiku taa za barabarani zilipunguzwa. Katika giza hilo kampuni ya Gaumont ikatoa sinema ya mfululizo juu ya genge la wahalifu wanaovaa nyeusi tupu, wanaopita juu ya mapaa usiku, wanaoua kwa pete yenye sumu, na ambao viongozi wao huonekana mchana wakiwa waungwana wa kuheshimika. Sinema hiyo iliitwa Les Vampires. Wanyonya damu wa hadithini hawamo kabisa. Vampires ni jina la genge. Ilikuwa na sehemu 10, jumla yake saa 7 hivi, na ilitolewa kidogo kidogo mpaka Juni 1916. Watu waliotoka kusoma orodha za waliouawa vitani walikata tikiti, wakaingia, wakakaa.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoleta mambo. Mwandishi wa habari Philippe Guérande, shujaa wa hadithi, anasimama nje ya kilabu cha usiku akitazama bango la mwimbaji. Bango limeandikwa IRMA VEP. Anatazama, nasi tunatazama naye. Mara herufi zinaanza kuhama, zinapishana, zinajipanga upya, mpaka zinasomeka VAMPIRE. Ni ujanja wa kamera wa sekunde chache tu, lakini hata leo ukiuona unajikuta umesogea mbele kitini. Ndani ya kilabu, mwanamke mwenye macho makubwa yaliyozungushiwa wanja mzito anawaimbia wahuni na walevi, na kuanzia hapo sinema yote inakuwa mali yake. Mwigizaji huyo alikuwa na miaka 26 na alijiita Musidora.

Picha yake akiwa katika vazi jeusi la hariri, lililombana kuanzia unyayo hadi utosini na kuacha uso peke yake, imeshatumika kwenye mabango, majalada ya vitabu na kadi kwa zaidi ya miaka mia. Vazi hilo limempa umaarufu, na vazi hilohilo limemfunika. Wengi wanaomjua Irma Vep hawajui kwamba mwanamke yule alianzisha kampuni yake ya filamu, akatafuta fedha, akaandika, akashika usukani nyuma ya kamera, akahamia Uhispania kufuata kazi na mapenzi, kisha akarudi Paris kuokoa kumbukumbu za wenzake. Nilipoamua kufuata nyayo zake, nilitaka kumtafuta huyo wa pili.

Jina lake la kuzaliwa ni Jeanne Roques, mzaliwa wa Paris, tarehe 23 Februari 1889. Baba yake alikuwa mtunzi wa muziki aliyeandika pia juu ya ujamaa. Mama yake alikuwa mchoraji na mtetezi wa haki za wanawake. Binti wa nyumba ya namna hiyo hafundishwi kukaa kimya. Alichora kidogo, kisha akavutwa na jukwaa. Jina la kisanii alilitoa katika Fortunio, riwaya ya Théophile Gautier, na akalibeba mpaka kaburini.

Kuna jambo katika mwanzo wake wa sinema ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Filamu yake ya kwanza haikuwa ya majambazi wala ya mapenzi. Iliitwa Les Misères de l'aiguille, ikatoka mwanzoni mwa 1914, na ilihusu dhiki za wanawake washonaji wanaolipwa ujira mdogo kwa kila kipande. Iliyoitengeneza ilikuwa Le Cinéma du Peuple, ushirika wa wafanyakazi na wanaharakati wa mrengo wa kushoto waliotaka sinema imsemee mnyonge. Ushirika ule haukudumu. Vita vilipoingia nao ukazimika. Kwa hiyo Irma Vep, malkia wa wezi, alianza kama fundi cherehani anayenyonywa. Kwangu mimi jambo hilo linaeleza mengi kuliko wanja wake.

Mwaka huohuo Louis Feuillade, mwongozaji mkuu wa Gaumont, alimwona kwenye jukwaa la Folies Bergère, ule ukumbi wa Rue Richer ambao mpaka leo umesimama na unawaka taa. Feuillade alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Lunel, ambako watu hupenda michezo ya fahali, na yeye mwenyewe aliipenda sana. Alikuwa ameshatengeneza mfululizo wa Fantômas. Alifanya kazi haraka mno: filamu zake zote, ndefu na fupi, zinazidi 600. Akamchukua Musidora.

Studio walimofanyia kazi ilikuwa wilaya ya 19, karibu na bustani ya Buttes-Chaumont yenye vilima na ziwa lake la kutengenezwa kwa mikono. Mwenye kampuni, Léon Gaumont, alipaita Cité Elgé, kutokana na herufi za mwanzo za jina lake, L na G. Palikuwa na jumba kubwa la vioo lililoingiza mwanga wa jua, kwa kuwa filamu za siku zile zilikuwa na njaa ya mwanga. Palikuwa na karakana za useremala, vyumba vya kusafishia mikanda, stoo za nguo. Baadaye pakawa studio za televisheni, na katika miaka ya 1990 vyote vikabomolewa. Nilipofika nilikuta majengo ya makazi yenye roshani na maua ya kopo, na mama mmoja akiburuta mkokoteni wa sokoni. Mtu asiyejua historia ya mahali pale angepita bila kugeuza shingo.

Mwingine aliyefutika katika kiwanja hicho ni Alice Guy. Alianza kama karani wa Léon Gaumont, akaanza kuongoza filamu mwaka 1896, na alikuwa mkuu wa utengenezaji wa filamu wa kampuni hiyo mpaka 1907 alipoolewa na kuhamia Marekani. Kiti chake alikirithi Feuillade. Maana yake ni kwamba Musidora alipoingia lango lile, mwanamke alikuwa ameshaiendesha nyumba yote, na miaka saba tu ilikuwa imetosha kuwafanya watu waongee kana kwamba sinema ni kazi ya wanaume tangu kuumbwa kwa dunia.

Feuillade alirudishwa kutoka jeshini mwaka 1915 na kukuta kampuni ina haraka. Washindani wao wa Pathé walikuwa wakijiandaa kuonyesha Les Mystères de New York, mfululizo kutoka Marekani wa mwigizaji Pearl White, na Gaumont hawakutaka kuachwa nyuma. Fedha zilikuwa chache, waigizaji wa kiume walikuwa wakiitwa jeshini, na hadithi ilitungwa huku inapigwa. Ndiyo maana viongozi wa genge wanakufa ovyo na kurithiwa na wengine: Vampire Mkuu, kisha Satanas, kisha Venenos. Wanaume wanapishana, Irma Vep anabaki. Anatiwa usingizi na kuamrishwa kumuua bosi wake, anatii. Anahukumiwa na kupakiwa melini kupelekwa gerezani Algeria, meli inalipuliwa, yeye anarudi. Anakufa dakika za mwisho kabisa, kwa risasi ya mwanamke mwenzake, mke wa shujaa.

Tukitenda haki, vazi lile jeusi hakuwa wa kwanza kulivaa. Katika sehemu ya pili mcheza dansi Stacia Napierkowska alipanda jukwaani na vazi la aina hiyo, lenye mabawa, kabla ya mhusika wake kufa kwa sumu. Lakini nani anamkumbuka? Musidora alilivaa vile mtu anavyovaa ngozi yake. Alikuwa na mwili wa kawaida wa binadamu, si mwembamba wa majarida, na alitembea juu ya paa bila kubembeleza macho ya mtu. Polisi wa Paris walichukia. Walizuia baadhi ya sehemu kwa muda wakidai kwamba sinema inawatukuza wahalifu na kuwacheka askari, na inasimuliwa kwamba Musidora mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwona mkuu wa polisi mpaka zuio likalegea. Sinema iliyofuata, Judex, ya sehemu 12, ilipoanza kuonyeshwa Januari 1917, Feuillade alikuwa amejifunza: safari hii shujaa alikuwa mtetezi wa haki, na Musidora akawa Diana Monti, mwovu tena, lakini aliye chini ya adhabu.

Hapo angeweza kutulia. Mwigizaji mwenye sura inayouza tikiti wakati wa vita hakuwa na sababu ya kujitafutia shida. Lakini Musidora alikuwa na rafiki aliyemzidi umri kwa miaka 16, naye alikuwa Colette, mwandishi wa riwaya ambaye naye aliwahi kulisha tumbo kwa jukwaa. Wakati wa vita wanawake wanne, Colette, Musidora, mwigizaji Marguerite Moreno na mwandishi Annie de Pène, walikuwa wakiishi kwa kushirikiana huko magharibi ya Paris, wakisaidiana kupika, kufagia na kusubiri barua kutoka vitani. Nimelitafakari jiko lile kuliko studio zote. Ndani ya jiko lile Musidora alikuwa na watu wa kumwambia kwamba anayetunga hadithi na anayeiigiza wanaweza kuwa mtu mmoja.

Akaanza kuvipeleka vitabu vya Colette kwenye sinema. Mwaka 1917 wote wawili walikuwa Roma kwa ajili ya La vagabonda, filamu ya Kiitaliano iliyotokana na riwaya ya Colette, Musidora akiwa mwigizaji mkuu. Kisha Colette akamwandikia hadithi mpya kabisa kwa ajili ya kamera, La Flamme cachée, na Musidora akaiongoza mwaka 1918 pamoja na Roger Lion. Filamu hiyo haipo tena. Mikanda ya zama zile ilitengenezwa kwa naitreti, jamaa wa karibu wa baruti. Iliwaka kwa cheche moja, na isipowaka iliweza kuoza yenyewe koponi mpaka ikawa unga. Sinema za sauti zilipokuja, zile bubu zilionekana takataka, na mikanda mingi ikayeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Zilizosalimika zilikuwa zenye bahati, au zenye mtu wa kuzitetea. Kazi ya mwanamke mwenye kampuni ndogo ilikosa vyote viwili mara nyingi.

Mkono mtupu haulambwi, na Musidora alilijua hilo. Akaanzisha kampuni yake, La Société des Films Musidora. Siku zile katika Ufaransa nzima wanawake waliokuwa wakiongoza filamu walihesabika kwa vidole. Mashuhuri kati yao alikuwa Germaine Dulac. Musidora alitofautiana naye kwa kuwa alifanya yote pamoja: aliigiza, aliandika, aliongoza na alibeba hasara. Kazi yake kubwa ya kipindi hicho ni Pour Don Carlos ya 1921, iliyotokana na riwaya ya Pierre Benoit iliyotoka mwaka mmoja nyuma. Aliiongoza pamoja na Jacques Lasseyne, na fedha nyingi ziliteketea humo.

Ili kuielewa nilipanda treni mpaka Hendaye, kituo cha mwisho cha Ufaransa pembezoni mwa bahari, nikavuka mto Bidasoa kwa kiboti kwenda Hondarribia, mji ambao Waspania waliuita Fuenterrabía. Ni nchi ya Wabaski pande zote mbili. Mpaka unapita katikati ya maji na watu wanasalimiana kwa lugha ileile. Ukipanda mtaa mkuu wa mji mkongwe unapita chini ya roshani za mbao zilizochongwa na milango yenye nembo za koo, mpaka kwenye ngome nene iliyotobolewa na mizinga ya karne nyingi. Kutoka juu pale unaiona Ufaransa waziwazi. Ardhi hii ndiyo iliyolea vita vya wafuasi wa Don Carlos, mtu aliyedai kiti cha ufalme wa Uhispania; vita vya mwisho vya aina hiyo vilipiganwa kati ya 1872 na 1876, na silaha, fedha na wakimbizi vilipenyezwa kupitia milima hii.

Katika hadithi ya Benoit, Musidora aliona nafasi aliyokuwa akiisubiri. Allegria Detchart ni mwanamke kapteni wa wapiganaji hao, anayepanda farasi, anayevaa kijeshi, anayewapa amri wanaume na kuwageuza nia. Tazama tofauti na Irma Vep. Irma anatumwa na kila bosi anayekuja. Hata anapoua, mara nyingine anaua kwa kutiwa usingizi. Allegria anaua na kufa kwa ajili ya jambo alilolichagua mwenyewe, hata kama jambo lenyewe, ufalme wa Don Carlos, kwa macho yangu halikustahili tone la damu. Na aliyempa nafasi hiyo ya kuchagua ni mwongozaji aliyekuwa ndani ya nguo zilezile za kapteni. Huu si mchezo wa maneno ya wasomi. Mtu anapokuwa mwenye kampuni, ndiye anayeamua kamera ikae wapi, nani aonekane kwa karibu, na nani afe. Filamu ilikuwa ndefu, ikakatwakatwa, na faida haikurudi kama ilivyotarajiwa.

Wengine wangerudi kwa Gaumont kuomba msamaha. Yeye alizidi kwenda kusini. Alikuwa amempenda Antonio Cañero, mtu wa Córdoba aliyepigana na fahali akiwa juu ya farasi. Cañero ana nafasi yake katika historia ya mchezo huo: ndiye aliyeurudisha upiganaji wa juu ya farasi kwenye viwanja vikubwa, akiwa amevaa koti fupi na kofia pana za wafugaji wa Andalusia badala ya mapambo ya zamani. Wasomaji wa Pemba, wenye mchezo wao wa ng'ombe unaosemwa uliachwa na Wareno, watalielewa hili upesi kuliko Waparisi wengi, ingawa Pemba fahali haondoki amekufa.

Akiwa na Cañero, Musidora alitengeneza Soleil et Ombre mwaka 1922, tena pamoja na Lasseyne. Ni filamu fupi, haifiki saa moja, na ni bora kuliko urefu wake. Juana, msichana maskini wa Kihispania, anampenda mpigana na fahali. Anakuja mwanamke mgeni, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na nguo za gharama, na mwanamume anavutwa huko. Wanawake wote wawili ni Musidora. Mmoja amejifunika shali nyeusi akitembea kando ya kuta za chokaa nyeupe. Mwingine anapita juani akijua anatazamwa. Mwanamke ambaye dunia ilimjua kwa nguo moja alijigawa nusu mbili, akaipa kila nusu mwendo wake, mabega yake na namna yake ya kunyamaza. Na akapiga picha nje, katika jua kali na kivuli kikali, bila mandhari ya kuchorwa studio, na watu wa mitaani wakionekana kama walivyo. Feuillade alimfundisha kuamini barabara halisi. Somo hilo alilisoma vizuri.

Kisha ikaja La Tierra de los toros, 1924, na hapa ndipo ninapoona akili yake kamili. Ni filamu ya nusu ukweli, nusu maigizo. Inaingia kwenye mashamba ya kufugia fahali ya Andalusia, inawaonyesha wachungaji juu ya farasi, ndama wanavyojaribiwa, Cañero katika kazi zake. Na Musidora anaigiza kama Musidora, mwigizaji aliyekuja kutafuta filamu. Ilipoonyeshwa, filamu ilisimama katikati, taa zikawaka, na yeye mwenyewe akatokea jukwaani mbele ya watazamaji, akaimba na kucheza, kisha taa zikazimwa na hadithi ikaendelea. Mwaka 1924! Leo msanii akichanganya filamu na onyesho la moja kwa moja anaandikiwa kurasa za magazeti kana kwamba amevumbua gurudumu.

Córdoba leo kuna mtaa mzima wa makazi unaoitwa Cañero, uliojengwa kwenye ardhi aliyoitoa kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Nyumba ni za chini, zimepakwa nyeupe, na wazee hukaa barazani jioni. Ni ukumbusho mzuri na Cañero aliustahili. Yule mwanamke aliyempiga picha akiwa katika ubora wake, na ambaye bila yeye tusingemwona akitembea na kupanda farasi, yeye ukumbusho wake uko ndani ya makopo ya filamu huko Paris.

Mapenzi yaliisha, fedha ziliisha. Akarudi Ufaransa. Filamu yake ya mwisho ya kuigiza kama nyota, Le Berceau de Dieu, ilitoka 1926. Mwaka uliofuata akaolewa na daktari, Clément Marot, akazaa mtoto wa kiume. Aliandika riwaya, Arabella et Arlequin mwaka 1928 na Paroxysmes mwaka 1934, na mashairi. Wakati huohuo vijana waliomtazama katika miaka ya vita, André Breton na Louis Aragon, sasa wakiwa vinara wa kundi la wasurreali, wakamwandikia mchezo wa kuigiza, Le Trésor des jésuites. Majina ya wahusika waliyatengeneza kwa kupangua herufi za jina la Musidora, mmojawapo akiitwa Mad Souri. Walimtukuza kwa dhati, sina shaka. Lakini walimtukuza Irma Vep. Katika sifa zao zote, filamu alizoziongoza hazina nafasi, na nadhani hapo ndipo upofu wa wasomi ulipoanza: wakamfanya ndoto, na ndoto haina kampuni wala mkopo wa kulipa.

Kituo cha mwisho cha safari yangu kilikuwa jumba la maktaba ya filamu, Cinémathèque française, iliyoanzishwa 1936 na Henri Langlois na wenzake. Baada ya Vita vya Pili ilikuwa Avenue de Messine, namba 7, kisha kuanzia 1955 ikaonyesha filamu Rue d'Ulm, namba 29; leo iko Bercy katika jengo lililosanifiwa na Frank Gehry. Langlois alikuwa mkusanyaji asiyeshiba, aliyeokoa mikanda hata iliyokuwa imelazwa bafuni. Naye alimwajiri Musidora.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta wazee wa sinema. Alikuwa katika tume ya utafiti wa historia iliyowahoji waanzilishi waliokuwa wangali hai: wapiga kamera, mafundi, wapambaji, waigizaji waliosahaulika. Aliwauliza nani alifanya nini, kwa lenzi gani, kwa malipo gani, nani alianguka kutoka juu ya paa. Alijua maswali ya kuuliza kwa sababu alikuwepo. Karibu mwaka 1950 akaunganisha vipande vya filamu za zamani na kutengeneza La Magique Image, kazi yake ya mwisho kama mwongozaji. Na husimuliwa kwamba jioni alikuwa akikaa mlangoni kukatia watu tikiti. Vijana wa miaka ya 1950, ambao baadaye wangekuwa waongozaji mashuhuri wa Ufaransa, walikuwa wakifika pale kutazama sinema za Feuillade. Walimpa hela mama mmoja mnene wa makamo, akawarudishia chenji, wakapita ndani kwenda kumshangaa Irma Vep.

Kisa hicho hupendwa sana, na kila anayekisimulia hukisimulia kwa huruma, kama anguko la nyota. Sioni anguko lolote. Kati ya nyota wote wa sinema bubu, wangapi waliona kwamba kazi inayobaki ni kutunza ushahidi? Alikaa mlangoni pa nyumba iliyohifadhi filamu zake, akiwa kazini, analipwa, anawaona wateja kwa macho yake. Kinachonikera ni kitu kingine: katika nyumba hiyohiyo, kwa miaka mingi, iliyotafutwa na kuonyeshwa ilikuwa Les Vampires, huku Soleil et Ombre na La Tierra de los toros zikingoja zamu.

Alifariki Paris Desemba 1957, akiwa na miaka 68. Mwaka 1974 wanawake wa Ufaransa walioandaa tamasha la filamu za wanawake mjini Paris walikuwa wamekiita kikundi chao Musidora. Olivier Assayas alitengeneza Irma Vep mwaka 1996, akimvika Maggie Cheung vazi lile, kisha akarudia kwa mfululizo wa televisheni mwaka 2022 akiwa na Alicia Vikander. Filamu zake za Uhispania zilikarabatiwa hatimaye, na mwaka 2019 tamasha la Il Cinema Ritrovato la Bologna lilimtengea programu yake mwenyewe.

Kwetu hajafika, na hapa nina ombi. Waandaaji wa tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, na vituo vya utamaduni wa Kifaransa vya Dar es Salaam na Nairobi, iombeni La Tierra de los toros. Ni ya saa moja hivi, haina sauti, kwa hiyo haihitaji tafsiri zaidi ya maandishi machache, na inatakiwa kupigiwa muziki wa moja kwa moja. Wapiga kanuni na fidla wa taarab wanaiweza. Ionyesheni Ngome Kongwe usiku, muwaalike Wapemba wanaojua ng'ombe, na kwenye bango muandike Musidora, mwongozaji.